Watu Wote Utoe Mmoja

Jumatatu, 9 Mei 1983

Mvua. Paa limevuja juu ya kitanda. Nikahamisha kitanda. Likavuja juu ya jiko. Nikaacha.

Kazini, ofisi ya takwimu, Bwana Mulama, karani mkuu wetu, ametukusanya vibarua wote kumi na wawili akatusomea barua. Kuna nafasi ya karani wa kudumu. Moja! Na sisi kumi na wawili! Ni ya atakayeshinda mtihani, Ijumaa ya tarehe 27, saa tatu kamili asubuhi, na mlango ukishafungwa hafunguliwi hata waziri. Karatasi nzima ni takwimu za juu. Nikauliza za juu kiasi gani, maana mimi kazi yangu ni kujumlisha magunia ya mahindi yaliyoandikwa kwenye fomu, nigawanye kwa idadi ya mashamba, basi. Akasema za juu kabisa, mama.

Karani wa kudumu hupewa nyumba ya vyumba viwili. Mimi nina kimoja, na Lusweti wa miezi minane ananing'inia mgongoni. Vyumba viwili maana yake ni Khavere. Binti yangu ana miaka sita, na huu ni mwaka wa tatu yuko kwa mama yangu, Bungoma. Mtaani wote wananiita Mama Khavere, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona huyo Khavere.

Nitashinda. Namna gani, sijui bado.

Jumanne, 10 Mei

Kitabu cha takwimu ofisini ni kimoja. Anacho nani? Naftaly. Kibarua kama mimi, lakini anavaa tai hata siku ya kuhesabu mabanda Mathare, na hesabu za watu anazisema kwa Kiingereza tu, kama mtu anayeogopa zitamchafua meno.

Nikamwomba anikopeshe siku moja. Akacheka. Akasema takwimu si ugali, mama, hupiki tu. Nikamwambia tai yake ina uzi umetoka, nitamshonea. Akaitazama tai. Akaivua, akanipa pamoja na kitabu mpaka Jumatatu ijayo.

Ushindi!

Jioni nimefungua sura ya standadi divieshen. Nimesoma mstari wa kwanza mara nne. Lusweti akacheua uji, wote, juu ya ukurasa wa themanini na tatu. Nimeufuta. Nusu ya herufi zimetoka na uji. Kusema kweli nilipousoma tena sikuona tofauti.

Alhamisi, 12 Mei

Nimepata ujanja. Nauandika upesi kabla sijausahau, nimechoka mpaka kope zinauma.

Ujanja ni huu. Mimi nikisoma peke yangu, nalala. Nikilazimika kumfundisha mtu, siwezi kulala, na nikimfundisha akaelewa, basi na mimi nimeelewa kwa nguvu. Kwa hiyo natafuta mwanafunzi. Tena asiyejua kabisa, asije akanisahihisha.

Nimempata: Bi Muhiba, jirani yangu wa mlango wa tatu. Ndiye anayenishikia Lusweti nikiwa kazini. Mtu wa Pwani, mama wa mahamri na mbaazi za alfajiri, hajasoma hata darasa moja ila chuo cha Kurani. Nilimkuta penye mfereji, bomba la maji la ploti nzima, akisugua sufuria. Nikamwambia Bi Muhiba, leo nakufundisha takwimu za juu. Akaniuliza kama nimekula.

Nikamwambia aseme mahamri anayouza kila siku. Akataja: Jumatatu hamsini, Jumanne arobaini, jana sitini. Nikamwambia wastani ni hamsini. Sasa tuite hamsini nyumbani. Kila siku ina nyumbani kwake, na kila siku inatoroka kidogo. Jumanne imetoroka kumi chini, jana imetoroka kumi juu. Huo ndio utoro. Tukipima utoro wa siku zote pamoja tunapata utoro wa kawaida.

Bi Muhiba akaacha kusugua. Akasema kumbe ni hilo tu! Kumbe hao wasomi wanahesabu watoro!

Standadi divieshen ni utoro wa kawaida. Mimi, Nasike, mwenye Kidato cha Nne cha divisheni ya tatu, ndiye niliyelipata. Nimekaa juu ya karai nikacheka peke yangu.

Jumamosi, 14 Mei

Kazi nusu siku. Barua ya mama ilikuwa inanisubiri.

Miguu yake imevimba tena, kisima kiko mbali, na kumlea mtoto hawezi tena. Shangazi yake Khavere wa Kitale, dada wa baba yao, amejifungua na anataka wa kumbebea mtoto. Amesema atamchukua Khavere tarehe 28, akakae naye moja kwa moja. Mama anataka niseme. Nikiwa na nyumba nimpeleke mtu akamlete mtoto Nairobi. Kama sina, asimzuie shangazi.

Nyuma ya barua Khavere ameweka kiganja chake akakizungushia kalamu. Vidole vitano, kimoja kikubwa kuliko vingine kwa sababu kalamu iliteleza. Nimeweka changu juu yake. Halafu nimeenda mferejini kwa sababu ningekaa ndani ningeharibu barua.

Leo wanafunzi walikuwa sita, wote na makarai yao. Wamesikia kwa Bi Muhiba. Nikafundisha jambo gumu: kwa nini utoro lazima uuzidishe kwa wenyewe kabla ya kujumlisha. Ofisini hakuna anayejua, hata Naftaly anasema ni kanuni tu, umeze. Nikawaambia hivi. Wanaume wawili wametoka Nairobi. Mmoja ametoroka kwenda Mombasa, mmoja ametoroka kwenda Kisumu. Huyu kulia, huyu kushoto. Ukijumlisha hivyohivyo wanafutana, unapata sifuri, unaona kama wote wawili wako nyumbani wanakula! Na kumbe nyumba zote mbili hazina mtu. Lakini ukizidisha kila mmoja kwa mwenyewe, kulia na kushoto hakuna tena, wote ni watoro tu.

Halafu Mama Kahin, Msomali wa duka la kona, akasema ametoroka wa Mombasa, ametoroka wa Kisumu, huyo wa Mombasa tunamjua. Wakanitazama. Baba Khavere yuko Mombasa, barua yake ya mwisho ilikuja Krismasi. Nikasema huo ni mfano tu. Bi Muhiba akaniokoa. Akasema mume wake wa kwanza umzidishe kwa mwenyewe mpaka kesho, atabaki sifuri vilevile.

Walicheka mpaka maji yakamwagika. Nikacheka pia. Baadaye nikifua nepi nikajiuliza Khavere ni mtoro wa upande gani. Si yeye. Yeye hakwenda popote. Mimi ndiye niliyetoka.

Jumanne, 17 Mei

Siku tatu nimekwama. Tatu! Kuna kitu kitabuni kinaitwa digrii za uhuru. Nilidhani ni mambo ya siasa yameingia kwa bahati mbaya. Hapana. Ni hesabu. Ukiwa na namba tano unapotafuta utoro, hugawanyi kwa tano, unagawanya kwa nne. Kwa nini? Kitabu kinasema ni wazi. Laana ya mwandishi.

Jana nilitakiwa kurudisha kitabu. Nimemwambia Naftaly tai bado haijakauka. Akauliza kwani umeishona au umeifua. Nikasema vyote. Amenipa mpaka Ijumaa.

Leo saa kumi na mbili asubuhi, namwachia Bi Muhiba Lusweti, nimeona. Sinia yake ilibaki na mahamri matano, kila moja na ukubwa wake. Wajukuu watano wamepanga foleni. Wa kwanza akachagua kubwa. Wa pili akachagua. Wa tatu akachagua. Wa nne akatazama mawili yaliyobaki, akapima, akachagua. Wa tano, Lela, akabaki na lile lililoungua. Akalia. Bi Muhiba akamwambia asilie, si kila mtu amechagua? Lela akasema yeye hajachagua, yeye amebakiwa!

Nilipiga kelele. Lusweti akashtuka. Ndiyo hiyo! Watoto watano, wenye uhuru wanne. Wa mwisho hana uhuru, anachukua kilichobaki. Hata namba ni hivyo: ukishaujua wastani, na ukazijua nne, ya tano haina ujanja, lazima iwe ile iliyobaki. Digrii za uhuru ni wote utoe mmoja.

Nilimkumbatia Lela na machozi yake. Nilichelewa kazini dakika arobaini. Bwana Mulama ameandika.

Jioni nikawafundisha wote. Tisa leo. Ili lisisahaulike nimelitungia wito. Mimi nauliza kwa sauti: Uhuru ni kiasi gani? Wao wanaitikia wakipiga nguo juu ya simenti: Watu wote utoe mmoja! Linakwenda vizuri sana na kufua. Nimeliandika na ukutani juu ya mfereji kwa makaa, herufi kubwa: UHURU NI WATU WOTE UTOE MMOJA.

Ijumaa, 20 Mei

Watoto wameushika wito. Wanauimba wakiruka kamba. Wanauimba wakienda shule. Mama Kahin anasema kausikia mpaka upande wa pili wa Barabara ya Jogoo. Mimi, kitu changu, kimevuka barabara!

Naftaly amekuja mwenyewe kuchukua kitabu, hakuniamini tena. Alikuta darasa. Alisimama na tai yake mpya kando ya maji machafu, akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akacheka. Akasema hii ndiyo takwimu ya watoro, mama mtoto? Akasema mtihani ni wa Kiingereza, nitaandika nini, utoro? Bi Muhiba akamuuliza yeye anajua kwa nini wanaondoa mmoja. Akasema ni kanuni. Bi Muhiba akamwambia haya, mwanangu, nenda na kanuni yako, angalia usikanyage sabuni.

Akaikanyaga.

Nimefurahi zaidi ya inavyofaa kwa mama wa watoto wawili.

Lakini lile la Kiingereza limeniingia. Nimejaribu kukumbuka jina la Kizungu la utoro wa kawaida. Halikuja. Nimekaa nalo dakika nzima. Siku hizi hata ndotoni naota kwa maneno yangu.

Jumatatu, 23 Mei

Nimemwonyesha Bwana Mulama daftari langu. Mpango: aone nilivyozirahisisha, aogope kunipoteza, anipe kazi bila mtihani.

Akasoma kurasa tatu amesimama. Akakaa. Akasoma nyingine. Akasema miaka kumi na nane yuko kazi hii, na leo ndiyo mara ya kwanza ameelewa kwa nini wanazidisha. Nikasubiri. Akasema hili daftari lingepaswa kupigwa chapa. Nikasubiri zaidi. Akanirudishia, akasema mtihani ni Ijumaa saa tatu, Nasike, wewe una tabia ya kuchelewa, tafadhali.

Basi.

Nimemwandikia mama. Nimemwambia asimfungie Khavere nguo bado.

Jumatano, 25 Mei

Siku njema mwishowe!

Mvua imekatika. Darasa watu kumi na mmoja. Katikati ya somo akaja mtu mgeni, koti la kaki, kofia, kijitabu cha kuandikia. Akasimama kando ya choo akiandika. Nikajua mara moja. Mtu wa elimu ya watu wazima! Hawa wa ngumbaru wanatembea mitaa yote, na wakiona mwalimu mzuri wanamwandikia barua ya sifa. Barua ya serikali mkononi Ijumaa, Naftaly na tai yake watakuwa wapi?

Nikapandisha sauti. Nikawafanya waitikie mara tatu. Watu wote utoe mmoja! Watu wote utoe mmoja! Ukuta ulitetemeka.

Akaja karibu kwa adabu. Akauliza mwalimu ni nani. Nikampa jina langu lote, nikampa na namba ya nyumba, nikamtajia na ofisi. Yote akaandika. Akauliza huu uhuru tunaousema ni uhuru gani. Nikamwambia wa hesabu, bwana, ule uliopo vitabuni, siyo huu wetu. Akaandika sana hapo. Akauliza huyo mmoja anayetolewa ni nani. Nikasema yeyote, haina haja ya jina, ila kwa kawaida ni yule wa mwisho, yule ambaye wengine wakishachagua hana la kufanya tena. Akauliza anatolewa lini. Nikasema mapema, kabla ya kugawanya.

Akaniuliza tumeshafika wangapi. Nikasema kumi na mmoja, na tunaongezeka.

Alinishukuru kabisa. Bi Muhiba alikuwa amejifunika leso mpaka puani. Alipoondoka mgeni akaniambia yule si mtu wa shule, Mama Khavere, yule ana viatu vya ofisi ya chifu. Nikamwambia asiwe na hofu za watu wa zamani.

Ijumaa, 27 Mei

Nisamehewe mwandiko leo.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa nimevaa sketi nyeusi, kalamu mbili kwenye nywele, Lusweti ameshafungwa mgongoni tayari kupelekwa kwa Bi Muhiba. Mlango ukagongwa. Maaskari wawili wa utawala. Wakasoma jina langu lote, wakasoma namba ya nyumba, sawasawa kabisa kama nilivyompa yule mgeni wa Jumatano. Wakaniambia twende. Nikasema nina mtihani saa tatu. Mmoja akasema huu unaokwenda ndio mtihani.

Yule mgeni ni msaidizi mpya wa chifu. Ana mwezi mmoja tu tangu aletwe. Alikuwa amekaa nyuma ya meza na kijitabu kimefunguliwa. Juu yake saa ya ukutani. Saa moja na dakika kumi.

Akanisomea. Mkutano bila kibali. Watu kumi na mmoja. Kuandika ukutani. Kuwafunza watoto maneno ya kuimba. Na maneno yenyewe. Akasema tangu Agosti ya mwaka jana, wanajeshi walipojaribu kuiangusha serikali, nchi hii haina mchezo na maneno. Akaniuliza mara ya mwisho kwa heshima: huyo mmoja ni nani?

Nikalia kidogo. Lusweti akalia sana. Halafu nikaona kulia kunakula wakati. Nikajifuta, nikamwambia bwana, naomba kofia tano.

Akanitazama. Lakini aliziomba. Kofia tatu za maaskari, yake, na moja ya mahabusu aliyekuwa benchi. Nikawapanga watu watano, yeye wa mwisho, nikasema kila mtu achague. Wa kwanza akachagua ya msaidizi mwenyewe, ndiyo safi. Wa pili, wa tatu. Wa nne, mahabusu, akachagua ya askari. Msaidizi wa chifu akabaki na ile ya mahabusu, ya sufi, ina tundu. Nikamuuliza amechagua? Akasema hapana. Nikamuuliza waliokuwa na uhuru ni wangapi? Akafikiri. Akasema wanne. Nikamuuliza watu wote ni wangapi? Akasema watano.

Uso wake ukafunguka kama dirisha. Akasema kumbe aliyetolewa ni mimi!

Alicheka mpaka akashika meza. Saa mbili kasoro robo. Nikasema basi bwana, naomba niende. Akasema ngoja, huo utoro nao ni nini, ameuandika hapa anautilia shaka. Nikamweleza utoro. Akapendezwa. Akasema ana maaskari ambao ni tatizo hilo hasa, akawaita wote waliokuwa zamu, saba, akaniambia nianze upya. Nikaanza upya. Saa mbili u nusu. Akauliza la wanaozidishwa kwa wenyewe. Nikaeleza Mombasa na Kisumu haraka sana, askari mmoja hakuelewa, nikarudia. Saa tatu kasoro dakika kumi. Nikamwambia bwana, mlango unafungwa. Akasema mwalimu hakimbii darasa.

Saa tatu kamili. Niliusikia mlango ule ukifungwa, na uko maili tatu kutoka pale.

Baada ya hapo sikuwa na haraka. Nikamnyonyesha Lusweti, nikaendelea. Nikawafundisha na makosa mawili ya takwimu. Kosa la kwanza ni kumfunga asiye na hatia. Kosa la pili ni kumwachia mwenye hatia. Ukipunguza moja unaongeza jingine. Msaidizi wa chifu akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema ofisi hii siku zote imechagua la kwanza, lina usumbufu mdogo. Mahabusu akauliza kama anaweza kusema kitu. Akaambiwa akae.

Niliachiwa saa sita. Alinisindikiza mpaka mlangoni. Akasema hajawahi kupata mwalimu kama mimi, hata sekondari. Masharti matatu: nifute ukuta, na nikitaka kukusanya watu tena niombe kibali kwa maandishi, nieleze wazi mkutano ni wa nini. Na lile neno uhuru nisilitumie tena kwenye kutoa.

Wote saba wameelewa. Hata yule mgumu.

Jumamosi, 28 Mei

Nilikwenda posta kupiga simu kwenye duka la sokoni kule nyumbani, wakamwite mama. Nilisubiri kwenye foleni, nikasubiri kwenye simu. Mama akaja anahema. Akasema shangazi alifika jana jioni badala ya leo. Wamekwisha kuondoka. Khavere hakulia. Aliuliza kati ya Kitale na Bungoma ni kupi karibu zaidi na mama yake. Mama alimwambia ni sawasawa tu.

Nimefua kila kitu ndani ya nyumba. Hata vilivyo safi.

Jumatatu, 30 Mei

Naftaly ndiye karani wa kudumu. Arobaini na nne kwa mia. Wa pili alipata thelathini.

Alikuja mezani kwangu. Nikajiandaa kwa dharau zake. Akavuta kiti, akalegeza tai. Akasema swali la tatu lilikuwa na alama ishirini, eleza kwa nini unagawanya kwa idadi utoe mmoja. Alikuwa hana kitu kichwani. Halafu akasikia makarai yetu ya mferejini. Akaandika habari za watu watano na mahamri matano, kwa Kiingereza. Alipata zote ishirini. Akasema samahani, mama. Nilitaka kumchukia kwa raha, na hata hilo amenikosesha.

Bwana Mulama alinipitia baadaye. Hakunigombeza. Akasema Novemba kuna nafasi nyingine, moja, na mtihani wake utakuwa wa sura za nyuma za kitabu, zile ngumu zaidi. Akaniwekea kitabu mezani mwenyewe. Kina harufu ya uji ukurasa wa themanini na tatu.

Novemba. Miezi sita. Khavere hatakuwa ameharibika sana kwa miezi sita. Nitamfuata Kitale mwenyewe.

Jumatano, 1 Juni

Sikukuu ya Madaraka. Ofisi zimefungwa. Mvua imerudi. Nimesoma tangu asubuhi, Lusweti amelala kifuani.

Nimeshaona kosa langu lilikuwa wapi. Neno moja tu! Lile neno uhuru, la watu wa siasa. Somo lenyewe halikuwa na ubaya, msaidizi wa chifu mwenyewe alilipenda. Kwa hiyo safari hii neno uhuru halitatajwa hata kwa bahati mbaya, nimelikata daftarini kote kwa wino.

Sura za nyuma ni za namba zilizopangwa kwa safu kama wanajeshi kwenye gwaride. Kazi yote ni moja: uzichukue safu hizo nzima uzigeuze, mpaka zile zilizokuwa zinakandamiza zisikandamize tena. Bila hivyo hupati jibu. Nimetafuta Kiswahili chake. Kugeuza hakitoshi, kufudikiza ni kwa sufuria. Nimechagua kupindua. Ni neno fupi, kila mtu analijua.

Na sitarudia makosa. Mferejini hapana, kelele hapana, kuimba hapana. Tutakaa ndani kwangu, mlango tumeufunga, pazia tumelishusha, tuongee kwa sauti ya chini. Na kibali nimekiomba kwa maandishi, nikaeleza wazi kama nilivyoagizwa. Nimenakili hapa kwa kumbukumbu:

Kwa Bwana Msaidizi wa Chifu. Salamu nyingi. Naomba kibali cha mkutano wa kupindua, Jumamosi saa nane mchana, nyumbani kwangu. Tutakuwa kumi na mmoja, wote waaminifu, tumejiandaa tangu Mei. Maaskari wako saba waliopendezwa nao wanakaribishwa. Tutaanza na ndogo ndogo, na Mungu akipenda kufikia Novemba tutaweza kupindua kubwa. Ni mimi, Nasike.

Nimemsomea Bi Muhiba kabla ya kuipeleka. Alifungua mdomo. Nikamwambia asinivunje moyo, mtoto wangu yuko Kitale. Akaufunga.

Nimeipeleka mwenyewe, nikaiacha kwa askari wa zamu. Ni yule mgumu. Amenitambua, akanipigia saluti.